Nafuu tatu za uongo: kisa cha fundi cherehani na kiuno kilichouma miezi saba

Mama huyu alifika kwenye chumba chetu cha fiziotherapia siku ya Jumatatu, na daftari lake la matibabu lilikuwa limejaa hadi jalada la nyuma. Ana miaka 43, ni fundi cherehani mkoani Morogoro, ana watoto watatu. Kiuno kilikuwa kimemuuma miezi saba. Ameniruhusu kukieleza kisa chake, nami nimeacha yote yanayoweza kumtambulisha. Nakieleza kwa sababu daftari lile lilikuwa na majina kadhaa ya ugonjwa mmoja, na kila jina lilikuwa na ushahidi wake. Ni huo ushahidi ninaotaka tuuangalie, kwa kuwa ndio uliotupoteza sote, mimi nikiwemo.

Maumivu yalianza taratibu. Hakuanguka, hakunyanyua ndoo nzito, hakupata ajali ya bodaboda. Yeye mwenyewe alijipa jibu la kwanza: kazi. Fundi anakaa kwenye cherehani ya miguu tangu asubuhi, ameinamia kitambaa, na msimu wa sare za shule unapofika anakesha. Nani asingeumwa kiuno? Akanunua diklofenaki na mafuta ya kuchua kwenye duka la dawa. Mwezi wa kwanza ukapita hivyo.

Mwezi wa pili akaenda zahanati. Alipimwa mkojo, akaambiwa ni mchafu, ana UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, na ndiyo inayoleta maumivu ya kiuno. Akapewa siprofloksasini, dawa ya kuua bakteria, za siku saba. Akapata nafuu! Kwa siku kama kumi na mbili alilala vizuri kuliko alivyolala kwa wiki nyingi. Maumivu yaliporudi, hakuna aliyejiuliza kama jibu lilikuwa baya. Ikachukuliwa kwamba UTI imerudi, akapewa dozi nyingine, na baadaye nyingine tena.

Hapo katikati shangazi yake alimwambia ni chango, akamletea dawa ya mizizi ya kuchemsha, na jirani akampeleka kwa mama anayekanda. Kukandwa kulimpa raha ya jioni moja, na kesho yake hakuweza kuinuka. Hili la kuzidiwa baada ya kukandwa halikuandikwa popote kwenye daftari, nililisikia kwa kumuuliza. Lingeandikwa, huenda mtu angeshtuka mapema.

Mwezi wa nne akapigwa eksirei katika hospitali moja. Majibu yaliandikwa kwa mkono: nafasi kati ya pingili ya tatu na ya nne za kiuno imepungua, pingili zimeanza kulika. Akapewa mkanda wa kiunoni, na sindano ya diklofenaki pamoja na deksamethasoni. Sindano ile ilimpa wiki mbili za kupumua, akarudi kwenye cherehani. Kisha maumivu yakaja makali kuliko mwanzo. Akachomwa tena. Mara ya tatu sindano haikumsaidia hata siku nne, ndipo akaandikiwa karatasi ya kuja kwangu: "Maumivu sugu ya kiuno, diski kulika. Mazoezi."

Nami nikampa mazoezi. Nilisoma karatasi, nikaamini jina lililoandikwa, nikamfundisha kukaza misuli ya tumbo, kunyoosha mapaja, kupumzika kila nusu saa kazini. Nilimuuliza anaumwa wapi na tangu lini. Sikumuuliza usiku unakuwaje. Wiki mbili nzima alifanya mazoezi niliyompa kwa uaminifu wa kunitia uchungu nikikumbuka, na wiki mbili hizo zilimwongezea maumivu.

Aliporudi mara ya tatu alikuwa anatembea huku paja la kulia limekunjwa kidogo, mwili umeinamia mbele.

"Shikamoo mama. Mbona leo unatembea hivyo?"

"Marahaba mwanangu. Mguu huu hautaki kunyooka. Nikiunyoosha, kiuno kinakatika."

Wakati anaketi, mkasi uliokuwa juu ya mkoba wake ukaanguka sakafuni. Mtu mwenye kiuno cha kawaida kinachouma huinama kwa uangalifu, anajishika, analalamika kidogo. Yeye hakuinama kabisa. Alichuchumaa na mgongo wake umenyooka kama ubao, mkono mmoja umeshika kiti, akauokota, akainuka kwa kusukuma paja. Wanaotibu kifua kikuu cha uti wa mgongo kwa watoto wanalijua jambo hili: huangusha sarafu chini na kumtazama mtoto anavyoiokota. Mwili unaolinda pingili iliyoharibika haukubali mgongo ukunjike hata kidogo. Nilikuwa nimelisoma chuoni. Sikutegemea kuliona kwa mtu mzima aliyekuja kwangu na karatasi ya diski kulika.

Nikafunga daftari, nikaanza upya kana kwamba hakuna aliyemwona kabla yangu.

Swali la kwanza lilikuwa la usiku. Maumivu ya misuli na viungo vya mgongo mara nyingi yana tabia inayoeleweka: ukifanya jambo fulani yanapanda, ukilala kwa mkao unaokufaa yanashuka. Yake hayakuwa hivyo. Yalimwamsha saa nane za usiku, na hakuna ubavu uliomfaa. Alikuwa analala ameketi, ameegemea ukuta. Je, anatoka jasho? Anabadilisha kanga, wakati mwingine mara mbili kwa usiku, lakini alidhani ni umri, kwamba hedhi inakaribia kukoma. Homa? "Jioni nasikia baridi baridi tu."

Kisha nikauliza kuhusu uzito. Akasema hajui, hana mizani. Hapo ndipo ufundi wake ulipozungumza. Nilimuuliza kama nguo zimekuwa kubwa, akacheka kidogo, akanionyesha gauni alilovaa. Amelipunguza mara mbili tangu mwaka uanze. Kiuno chake kilikuwa inchi 38, sasa ni 33. Alikuwa amejipima kwa futi yake mwenyewe, akashona, akaendelea na kazi. Aliona ni mawazo na kukosa usingizi. Inchi tano! Hakuna kati yetu, wote tulioandika kwenye daftari lile, aliyekuwa amepata habari hiyo, na yeye alikuwa nayo kwa kipimo cha uhakika.

Nilipomgonga kwa ngumi taratibu juu ya uti wa mgongo, pingili baada ya pingili, hakustuka mpaka nilipofika sehemu moja katikati ya kiuno. Hapo aliruka. Maumivu ya misuli huwa yanatandaa pembeni, ukibonyeza huku na huku mgonjwa anasema hapa na hapa pia. Yake yalikuwa juu ya mfupa, sehemu ambayo ningeweza kuifunika kwa kidole gumba. Na kwenye kinena cha kulia kulikuwa na uvimbe laini, hauna joto, hauna wekundu, ambao yeye alidhani ni tezi.

Uvimbe ule na mguu usionyooka ni jambo moja. Kutoka pembeni mwa pingili za kiuno kuna msuli mrefu, soasi, unaoteremka ndani ya fupanyonga hadi juu ya paja. Ndio unaokunja nyonga. Usaha ukitoka kwenye pingili unapata njia kando ya msuli huo, unashuka nao polepole mpaka kinenani. Msuli ukiwa umejaa usaha hautaki kuvutwa, kwa hiyo mguu unabaki umekunjwa. Majipu ya aina hii huitwa baridi kwa sababu hayachomi wala kuwaka kama jipu la kawaida, na kwa hiyo hayatishi.

Nilimpeleka mwenyewe kwa daktari wa zamu, na hadithi yake tukaisimulia mimi na yeye kwa pamoja. Kabla ya kipimo chochote daktari alimwambia atembee kwa visigino, kisha kwa vidole. Akapima nguvu za miguu. Akauliza kama kuna ganzi sehemu zinazogusa kiti mtu akipanda baiskeli, na kama mkojo na choo anavizuia kama kawaida. Vyote vilikuwa salama. Kimojawapo kingekuwa kimepotea, asingelala hapo siku hiyo. Angepelekwa hospitali ya rufaa saa hiyo hiyo, kwa sababu mishipa ya fahamu iliyobanwa haisubiri foleni.

ESR, yaani kasi ya chembe nyekundu za damu kuzama kwenye bomba, ilikuwa milimita 94 kwa saa. Kwa mwanamke wa umri wake hatutarajii izidi 20 hivi. Kipimo hiki hakitaji ugonjwa, lakini diski iliyochakaa kwa umri na kazi haikipandishi kiasi hicho. Ni kipimo cha bei ndogo, na kwa miezi saba hakikuwa kimefanyika. VVU hana. Eksirei ya kifua ilikuwa safi, na hakohoi hata kidogo.

Tukairudia eksirei ya kiuno na kuiweka kando ya ile ya zamani. Ile ya zamani haikuwa imesomwa vibaya kabisa: nafasi kati ya pingili ya tatu na ya nne kweli ilikuwa imepungua. Kosa lilikuwa kwenye sentensi iliyofuata, ile ya kulika. Diski ikichakaa, kingo za pingili zinabaki kali na nyeupe, wakati mwingine zinaota vijiti pembeni. Maambukizi yanakula kingo zenyewe. Kwenye picha mpya mstari wa chini wa pingili ya tatu na wa juu wa pingili ya nne ilikuwa imefifia kama chaki iliyofutwa nusu. Tukirudi kwenye ile ya zamani, kwa jicho la sasa, mwanzo wa kufifia huko ulikuwepo. Mtu akinilaumu kwamba ni rahisi kuona ukishajua, nakubali. Eksirei haionyeshi mfupa ulioharibika mpaka sehemu kubwa ya madini yake, kama theluthi moja au zaidi, iwe imekwenda.

Na tuseme wazi jambo la diski kulika, maana ni maneno yanayowatisha watu wengi bure na kuwafunika wengine kama huyu mama. Uchambuzi mmoja uliochapishwa mwaka 2015, uliokusanya picha za migongo ya watu wasioumwa chochote, ulikuta dalili za kuchakaa kwa diski kwa asilimia 37 ya wenye miaka 20, asilimia 68 ya wenye miaka 40 na asilimia 96 ya wenye miaka 80. Kwa hiyo ukimpiga picha mtu wa miaka 43, uwezekano mkubwa ni kwamba utakuta kitu, awe anaumwa au haumwi. Kukuta kitu ndani ya mwili ni jambo moja. Kuonyesha kwamba kitu hicho ndicho kinachomwamsha saa nane za usiku ni kazi nyingine, na hiyo hatukuifanya.

Mkojo nao ulikuwa hivyo hivyo. Chembe nyeupe chache kwenye mkojo wa mwanamke huonekana mara nyingi, hasa ukichukuliwa bila kujisafisha na bila kuacha mkojo wa kwanza upite. Figo lenye maambukizi huuma pembeni, chini ya mbavu, kwa homa kali na kutapika; haliumi katikati ya uti wa mgongo kwa miezi.

Sasa nirudi kwenye nafuu, kwa sababu kwangu hapa ndipo kiini cha kisa. Kwa nini siprofloksasini ilimsaidia kama hakuwa na UTI? Dawa za kundi lile zina nguvu fulani dhidi ya bakteria wa kifua kikuu pia. Siku saba haziwezi kuwamaliza, lakini zinawapunguza makali, homa inashuka, maumivu yanapoa, kisha waliobaki wanaendelea. Na deksamethasoni? Inazima uvimbe wa aina yoyote, wa msuli, wa kiungo, wa maambukizi, na papo hapo inaudhoofisha ulinzi wa mwili unaopambana na bakteria. Ndiyo maana kila baada ya sindano maumivu yalirudi na nguvu mpya. Na raha ya kukandwa ilikuwa ya misuli iliyokaza kuilinda pingili. Ilipolegezwa, pingili ikabaki bila mlinzi. Nafuu tatu, zote za kweli kwa mgonjwa, na kila moja ilitumika kuthibitisha jina lisilo sahihi. Tangu hapo, mgonjwa akiniambia dawa fulani ilimsaidia kisha ikaacha, sichukui hilo kama ushahidi wa ugonjwa uliotibiwa. Nauliza: dawa ile inafanya nini kingine?

Hata hivyo hatukuwa tumemaliza. Picha ile ingeweza kuwa kitu kingine. Saratani iliyosambaa kutoka kwenye titi au shingo ya kizazi hukaa kwenye pingili, huleta maumivu ya usiku na kukonda. Daktari alimpima vyote viwili. Ila saratani kwa kawaida huila pingili na kuiacha diski, wakati maambukizi hupita kwenye diski na kushika pingili ya jirani. Bruselozi, maambukizi ya bakteria yatokayo kwa mifugo, nayo hupenda kiuno, hasa kwa wafugaji na wanywaji wa maziwa yasiyochemshwa. Yeye hafugi, na maziwa yake ni ya chai, yaliyochemka. Angekuwa mfugaji wa Kilosa au Mvomero, swali hilo lingepanda juu ya orodha.

Jibu lilitoka kwenye kinena. Mashine ya altrasaundi, ile ile inayotumika kuangalia wajawazito, ilionyesha usaha kando ya msuli wa soasi wa kulia. Hatukuhitaji kusubiri MRI, mashine ya picha za sumaku, iliyo mkoa mwingine. Daktari alivuta usaha kwa sindano akiongozwa na altrasaundi, na sampuli ikaenda kwenye mashine ya GeneXpert, ambayo yenyewe hufanya kazi kwa muda usiofika saa mbili. Siku iliyofuata majibu yalikuwa mezani: bakteria wa kifua kikuu wameonekana, na rifampisini, dawa kuu ya ugonjwa huo, inawaweza. Hili la pili lina uzito sawa na la kwanza, kwa sababu kifua kikuu sugu kina tiba yake tofauti.

"Lakini sikohoi," alisema. Alirudia mara tatu. Kwake kifua kikuu ni kikohozi, ni damu, ni mtu aliyetengewa kikombe. Tulimweleza kwamba bakteria huingia kwa njia ya hewa, wakati mwingine miaka mingi iliyopita, kisha wanasafiri kwa damu na kukaa kimya kwenye pingili, figo au tezi. Ugonjwa huu umeandamana na binadamu muda mrefu. Daktari wa London, Percivall Pott, aliueleza ule wa uti wa mgongo mwaka 1779, zaidi ya miaka 100 kabla Robert Koch hajatangaza bakteria wenyewe tarehe 24 Machi 1882. Tulimwambia pia kile alichotaka kusikia kuliko vyote: kifua kikuu kilicho kwenye mfupa peke yake hakimwambukizi mtoto anayelala naye. Watoto walipimwa hata hivyo, kwa kuwa aliyemwambukiza yeye angeweza kuwa mtu wa karibu nao. Walikuwa wazima.

Hakupasuliwa. Miguu yake ilikuwa na nguvu na uti wa mgongo haukuwa umepinda kwa hatari, kwa hiyo tiba ilikuwa dawa: nne kwa miezi miwili, rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi na ethambutoli, kisha mbili za kwanza kwa miezi kumi. Jumla mwaka mzima, wakati kifua kikuu cha kawaida cha mapafu hutibiwa kwa miezi sita. Dawa hutolewa bure. Tulimwonya kwamba mkojo utakuwa wa rangi ya chungwa asije akadhani ile UTI imerudi, na kwamba macho yakiona ukungu, au yakiwa ya njano, aje siku hiyo hiyo.

Wiki ya sita alilala usiku kucha kwa mara ya kwanza. Mguu ulinyooka mwezi wa tatu. Mazoezi yale yale niliyompa mwanzo, karibu yote, nilimrudishia mwezi wa tano, safari hii kwa mpangilio na baada ya daktari kuangalia picha mpya. Hayakuwa mazoezi mabaya. Yalikuwa yamewahi ugonjwa wake kwa nusu mwaka.

Nisieleweke vibaya. Kati ya watu kumi wanaokuja kwangu na kiuno, kama tisa hawana ugonjwa wa kutisha, na kuwapiga picha wote kungewafaa wachache na kuwatisha wengi. Mama huyu hakuhitaji vipimo vya gharama mwezi wa pili. Alihitaji kuulizwa analalaje, anatoka jasho, nguo zinamkaaje, na kufunuliwa mgongo ili mtu agonge uti wa mgongo kwa mkono. Ni dakika kumi. Kwenye zahanati yenye foleni ya watu themanini na mhudumu mmoja, najua dakika kumi ni nyingi, na siwalaumu wenzangu kwa lile nililolikosa mimi mwenyewe nikiwa na nusu saa ya kila mgonjwa. Siku hizi swali la usiku naliuliza kabla sijafungua daftari la mtu.

Amemaliza dawa. Uzito umerudi, gauni lile amelifumua mishono yote miwili. Mfupa ulioliwa haurudi ulivyokuwa. Pingili mbili zile zimeungana, na bonde la mgongo wake wa chini limenyooka kidogo. Mimi sikuliona kwa macho mpaka niangalie picha. Yeye aliliona siku ya kwanza alipojishonea gauni jipya: mikunjo ya kubana kiuno kwa nyuma haikukaa. Akaifumua, akaipunguza, na sasa ndivyo anavyojikatia.